Ukili Usiokatwa

Katika mji ule, msuka ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, hasemeshwi midomo yake ikiwa inacheza. Neno moja likiingia, rangi moja hutoka, na mkeka ukaharibika. Mgeni husimama mlangoni na hodi yake mdomoni, akangoja midomo itulie.

Mwanatumu alikuwa ameinamia miyaa yake ya mkindu iliyotiwa rangi, akinong'ona, "Nyekundu, nyeupe, nyeusi, zambarau," vidole vikiufuata ulimi, kivuli kilipomwangukia mapajani. Aliinua macho bila kunyamaza. Alikuwa wifi yake, Mashavu, miguu mitupu, kanga kaifunga kiunoni, macho yamemvimba. Asubuhi ile Haji, mumewe Mwanatumu na kaka yake Mashavu, alikuwa ameshuka kuchimba kisima.

Mashavu aliiheshimu ada. Alishika mwimo wa mlango, akangoja.

Mwanatumu akahisi kichwani mwake mna nafasi ya rangi nne tu. Maadamu zimo, jambo la tano halina pa kukaa. Akazidisha kasi. Nyekundu, nyeupe, nyeusi, zambarau. Ukili ukatimia urefu wa mkeka, mahali ambapo kila msukaji hukata na kupumua. Mwanatumu hakukata.

Jua likahama. Ukili ukateremka mapajani, ukatambaa sakafuni, ukafika kizingitini.

"Wifi," Mashavu akasema taratibu, "umeshatosha."

Midomo ya Mwanatumu haikusita.

Mashavu akamtazama kitambo. Kisha akaketi pale pale kizingitini, akaiokota ncha ya ukili akaiweka mapajani, na midomo yake nayo ikaanza kucheza: nyekundu, nyeupe, nyeusi, zambarau.