Vipande vya Shaba

Fundi mkuu alikuwa anatafuta utepe wa kufungia nyaya alipovuta droo ya stoo akazikuta: fyuzi tatu mpya, bado zimo kwenye boksi.

Alichukua moja. Ilikuwa nyeupe, nzito, imeshindiliwa mchanga wa kuuzima moto kabla haujatoka nje.

Hizi zilipaswa kuwa kwenye swichi ya mashine. Wiki iliyopita, bosi akimkalia kooni, alichomeka vipande vya shaba, visivyokata umeme, mahali pa fyuzi. Kwa leo tu, alijiambia. Kisha akasahau.

Na asubuhi hii alikuwa amemtuma shemeji yake, mume wa dada yake, akaijaribu ile swichi iliyokuwa inapiga shoti.

"Usiogope, shem. Kuna fyuzi mpya. Zinakata umeme hata hujapepesa jicho," alikuwa amemwambia.

Kupitia kioo cha stoo alimwona, ng'ambo ya mashine zinazonguruma, mikono ya shati imekunjwa, ameshika mpini wa swichi.

"Shem! Acha!"

Sauti haikufika popote. Akagonga kioo kwa nguvu zote, akaibandika fyuzi pale ili aione.

Shemeji aliiona. Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kama mtu aliyeondolewa wasiwasi, akapandisha mpini.