Pole za Mji Mzima

Siku hizi mlango wa hospitali haumfungukii mtu mpaka mlango wenyewe uisome tovuti yake. Majirani kumi na wanne nimewawekea tovuti zao kwenye akaunti yangu moja, pamoja na ya mwanangu Nuswaiba. Wageni wakizidi kwenye moja, zote hukwama.

Leo asubuhi Mzee Makame, jirani yetu, alifariki, na mji mzima ukaingia kwenye tovuti yake kutoa pole. Mimi nimesimama hospitalini, Nuswaiba mgongoni anawaka homa, na mlango unarudia: "Mtu huyu hajapatikana."

Nikampigia mjane. "Bi Mwanakombo, nakuomba, niifunge tovuti ya marehemu dakika tano tu. Nuswaiba ananifia mgongoni!"

"Watu wanamlilia mume wangu, nawe unataka kuwafukuza?" Kisha akasema, "Funga, mwanangu. Mtoto kwanza."

Nikaifunga. Mlango ukasogea kiasi cha kupitisha mkono, ukasimama.

"Mtu huyu hajapatikana."

Bi Mwanakombo alikuwa amewaeleza waombolezaji kwa nini imefungwa. Wote, kwa huruma zao, walikuwa wamehamia kwenye tovuti ya Nuswaiba, kumpa pole.