Mlinzi wa Miguu Minane

Tik. Usiku wa manane Mjusi aliisikia tena sauti ile, ndani ya kisanduku cha umeme cha king'amuzi alimotaga mayai yake kwa ajili ya joto. Joto likakatika, likarudi kidogo, likakatika tena, na yai likipoa ndiyo basi.

"Ni yule chipu mweusi, mdudu wa miguu minane asiyetembea," alisema Mende, mpangaji mwenzake. "Mwoga huyo, shoga. Akihisi hitilafu anazima umeme, akijaribu kuwasha akaihisi bado, anazima tena."

"Basi namng'ata mguu mmoja, aniache nilee."

Mjusi akageuka kwa hasira, na mkia wake, aliokuwa ameulaza juu ya nyaya mbili zilizochunika ili ayazunguke mayai, ukainuka. Tik, joto likarudi, likatulia.

Mende akazitazama zile nyaya. "Kumbe hitilafu ni wewe, mkia wako ulikuwa unaziunganisha. Chipu asingezima, saa hizi tungekuwa majivu, wewe, mayai na mimi."

Mjusi akaukunja mkia, akamlamba chipu vumbi la mgongoni. "Wanangu wasilijue hili," akanong'ona.

"Sitamwambia mtu," akasema Mende. "Nawe usiseme nani alimwita mwoga."