Mama Mkwe wa Kikorea

Siku hizi kila filamu ya nje huisha kama nyumba inavyoiagiza runinga yake, na kwetu mwenye kauli ni mama mkwe wangu, Bi Sikudhani. Miaka sita nimetazama mama wakwe wa Kikorea wakiwashinda wake za wana wao. Jana nikamtania:

"Mama, leo niachie mimi. Au unaogopa?"

"Niogope nini? Haya, sema!"

Nikaiambia runinga, "Mama mkwe apige magoti, aombe radhi."

Yule bibi wa Kikorea akapiga magoti, akalia kwa Kiswahili safi. Nilishangilia hadi kanga ikanidondoka.

Runinga ikauliza, "Amri hii ni ya filamu tu, au ya nyumba nzima?"

Bi Sikudhani akanishika mkono. "Mwanangu," akasema.

Miaka sita, hakuwahi kuniita hivyo.