Waya wa Muda

"Kioo cha kompyuta kinasema vali ya mvuke ilikuwa imefungwa," alisema meneja Shomari. "Basi marehemu Kombo aliifungua mwenyewe, kisha akaingia tangini kusafisha. Andika hivyo, dada Nyamizi. Mkewe yuko getini anasubiri barua ya chanzo cha ajali."

Nyamizi ndiye aliyeandika programu ya mitambo ya kiwanda kile cha sabuni. Vali ya mvuke ikiamriwa kujifunga, swichi yake ilipaswa kuthibitisha ndani ya sekunde kumi, la sivyo king'ora kilie. Siku Kombo alipoungua, king'ora hakikulia.

Nyamizi alipanda ngazi hadi kwenye vali, Shomari akibaki chini, akafungua kifuniko cha swichi. Vali ilikuwa imekwama nusu wazi. Ndani, waya mwekundu uliunganisha skrubu mbili, hivyo vali ikae vyovyote, kioo kingesema imefungwa.

"Kuna waya wa muda hapa," alisema.

"Hawa mafundi! Soma jina."

Kiwandani, kila waya wa muda ulifungwa utepe wenye jina la aliyeuweka. Nyamizi alifuta vumbi la sabuni kwa kidole gumba. Mwandiko ulikuwa wake: "Nyamizi. Utolewe kesho." Tarehe ilikuwa ya mwaka juzi, asubuhi ile king'ora kilipokataa kunyamaza na Shomari akamwambia, "Kizime tu, mzigo utoke."

"Jina la nani?" Shomari aliuliza tena.

Nyamizi aliuchomoa waya, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Alipofika kumi, king'ora kililia, kikasikika kiwanda kizima. Kule getini, mjane wa Kombo aliinua uso, akatazama juu alikosimama Nyamizi.