Sahani ya Kwanza

Tangu watafiti wote wapewe visaidizi vya kidijitali vya kuwasomea, kuwapimia na kuwaandikia, Nyakato na mumewe Mutalemwa hurudi nyumbani mapema, hawana uchovu. Leo makala yao kuhusu mnyauko wa migomba imechapishwa, basi wamekaanga senene, panzi wa sherehe. Kwao, mwenye ugunduzi huueleza mezani, ndipo apakuliwe wa kwanza.

“Mmegundua nini?” binti yao Koku akauliza.

“Mama yako ataeleza,” alisema Mutalemwa.

“Si wewe uliyeanza?” Nyakato akacheka.

Wakatazamana. Kishikwambi chenye kisaidizi chao, kilichokuwa juu ya kabati, kikaeleza kila kitu, taratibu, kwa maneno ya mtoto. Koku alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akakipelekea sahani ya kwanza.