Hina Iliyokolea

Sumbal, mwanafunzi wa ushauri wa magonjwa ya kurithi, alikuwa akimwomba baba mmoja ampimishe binti yake damu, ijulikane kama amebeba ugonjwa wa kaka yake, kabla hajaolewa na binamu yake. Mwalimu alikaa pembeni akitoa maksi.

"Nikimpimisha, mji mzima wa Multan utasema ana kasoro," baba alisema. "Kaka yake kuishi kwa kuongezewa damu za watu kunatosha." Akaitazama mikono ya Sumbal, iliyojaa hina hadi kwenye kucha. "Na wewe, daktari, unaolewa na nani?"

"Mtoto wa shangazi yangu. Ijumaa."

"Imekolea hiyo," mama wa binti, aliyeketi naye kando, akacheka. "Hina ikikolea hivyo, mama mkwe atakudekeza."

"Mlipima?" baba akauliza.

Hawakupima. Sumbal alikuwa ameogopa kumtamkia shangazi yake jambo hilo. Na akisema kweli sasa, hawa watanyanyuka waondoke.

"Tulipima," alisema.

Baba alishusha pumzi. "Basi na wetu apimwe. Kama msomi hakuona haya, mimi nani?"

Mama aliushika mkono wa Sumbal, akaubusu, kisha akamsogeza binti yake mbele.

"Huyu anaogopa sindano," alisema. "Hebu mwambie, mwanangu. Wewe ulijisikiaje ulipotolewa damu?"